Uzito wa Njiti

Baba yangu hakuwahi kupima baruti kwa kijiko, na aliwadharau waliofanya hivyo. Alikuwa na mizani ndogo ya dhahabu, yenye visahani viwili vya shaba na ulimi katikati, iliyomsalia tangu alipokuwa akinunua dhahabu kwenye machimbo ya upande wa Kabambare. Biashara ya dhahabu ilimshinda, mizani akabaki nayo. Kwenye kisahani kimoja aliweka baruti, kwenye cha pili njiti za kibiriti. Anayeshangaa hajakaa kwetu. Mchimbaji anayetoka shimoni na punje zake hataji gramu. Husema ana njiti tatu, au ana njiti tano na nusu, na kila mtu anaelewa. Nilikuwa mtu mzima kabla sijakutana na mtu ambaye kwake njiti ilikuwa kitu cha kuwashia moto tu.

Tulikaa kijijini Wamaza. Sasa nafundisha shule ya msingi mjini Kasongo, lakini wakati ninaousimulia nilikuwa nimerudi kwa wazazi kutoka kwenye ndoa isiyonifaa, nina miaka ishirini na tisa na hasira za kutosha kijiji kizima. Nilitaka kazi isiyohitaji kuzungumza na watu. Baba alikuwa nayo.

Alikuwa mwindaji mwenye bunduki ya mtutu mmoja, ile tunayoiita kalibri duzi, pamoja na karatasi zake zote za ruhusa ndani ya mfuko wa plastiki. Kartushi za dukani, zilizopita mikono mingi kabla ya kufika kwetu, alizinunua kwa ajili ya maganda. Alisema hazina adabu: moja inapiga kwa nguvu ya kubomoa ukuta, inayofuata inakohoa. Alizifyatua, akaokota maganda, akayasafisha, akayajaza upya kwa mkono wake na kuziba mdomo kwa nta ya mshumaa. Wawindaji wengi wa kwetu hujaza maganda. Yeye alitofautiana nao kwa jambo moja, nalo lilimkosesha usingizi: alitaka kila kartushi ifanane na iliyoitangulia.

Sababu ilikuwa dini, na tumbo la watu wa Kasongo. Sisi ni Waislamu, na wateja wake walikuwa familia za Kiislamu za mjini, zilizotumiwa nyama kwa pikipiki. Mnyama aliyekufa kabla ya kuchinjwa, kwao na kwetu, ni kibudu. Wapo wanaosema kwamba ukitaja jina la Mungu unapofyatua, inatosha. Baba hakutaka mjadala huo. Kwake ilikuwa lazima mnyama akutwe na pumzi, na damu itoke kwa kisu.

"Kuua ni kazi ya kisu," aliniambia. "Bunduki ni ya kumulalisha tu."

Basi akatafuta kwa miaka mingi kipimo cha kumlalisha mnyama bila kumuua. Baruti ikipungua, mnyama anakimbia na jeraha, anakwenda kufa porini bila faida kwa mtu. Ikizidi, marisasi, zile gololi ndogo za ndani ya kartushi, yanatawanyika. Badala ya kukusanyika begani, moja linapotea na kuingia moyoni, na mwindaji anakuta macho yamekwisha kuganda. Katikati ya hayo mawili palikuwa na idadi fulani ya njiti. Siiandiki hapa kwa sababu alinikataza kumwambia mtu, na katika jambo hilo angalau nimemtii.

Sifa yake ilitokana na kipimo hicho. Kasongo walisema nyama yake haiulizwi. Nyama ya wengine uliiuliza: imechinjwa na nani, wapi, ilikuwa hai? Ya baba uliipokea ukaipeleka jikoni. Naye alijiwekea sharti, akalitangaza mbele ya watu kama wafanyavyo wanaume wanaojiamini: siku atakapowakuta wanyama watatu mfululizo wamekufa kabla hajafika na kisu, ataiweka bunduki chini, kwa maana miguu yake itakuwa imekwisha. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu. Alikimbia porini kama mtu anayedaiwa.

Macho yake ya mbali yalikuwa mazima. Aliweza kumtambua kanga na kivuli chake ng'ambo ya bonde. Ya karibu ndiyo yaliharibika. Alianza kuweka mizani mbali, akanyoosha shingo, akarudisha kichwa nyuma kama kuku anayekunywa maji, na bado ulimi wa mizani haukuonekana. Siku moja nilisimama nyuma yake nikamwambia kisahani cha kushoto kimezidi. Alikasirika. Kisha akapunguza punje chache, akaniuliza, "Na sasa?"

Kuanzia hapo kazi ikawa yangu. Niliipenda, nasema wazi, kuliko nilivyopenda watu wengi wakati ule. Ulifunga mlango ili upepo usiingie. Ulizima moto wote nyumbani, hata mama akilalamika kwamba maharagwe yake hayajaiva. Ulinyunyiza baruti kidogo kidogo kwa ncha ya karatasi mpaka ulimi unasimama wima, nawe unazuia pumzi usije ukausukuma. Baba alikaa mkekani akijifanya anasoma uradi, lakini masikio yalikuwa kwangu.

Kila kundi la kartushi tulilijaribu kabla halijaenda porini. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo kubwa lililochimbwa udongo wa matofali, na ukuta wake wa mwisho ulikuwa mnene, hauna njia nyuma yake. Tuliegemeza hapo kartoni tatu za sabuni, mimi nikachora duara kwa makaa kwenye kila moja, upana wa sinia. Baba alihesabu hatua, zilezile kila mara, akaketi kwenye kigogo, akaegemeza mtutu juu ya gunia la mchanga. Alifyatua tatu, moja kwa kila kartoni. Kisha mimi nikaenda kuhesabu matundu: mangapi ndani ya duara, mangapi nje. Niliyaandika kwenye daftari. Kama kartoni tatu hazikufanana, kundi zima lilifunguliwa na kupimwa upya, hata kama ni kwa tofauti ya matundu mawili. Mwindaji mmoja jirani alituona siku moja akacheka, akauliza kama tunakwenda kuwinda kartoni.

Mama hakucheka. Alitaka baba aache. Magoti yalimuuma usiku, na mama ndiye aliyeyakanda kwa mafuta ya mawese ya moto.

"Weye muzee, utaingia pori mpaka lini? Wenzako wako wanakaa na wajukuu wabo."

"Nitaacha siku miguu itakataa," baba alijibu.

"Itakataa katikati ya pori, na mimi njo nitakuja kukubeba?"

Maneno hayo, na ile njo ya kwetu ambayo wengine husema ndiye au ndiyo, niliyasikia mara nyingi mpaka nikayazoea, kama unavyozoea mlango unaolia.

Msimu wa mvua kubwa ulipofika, mwenye duka mmoja wa Kasongo alituma ujumbe kwamba anamwoza binti yake, naye anataka nyama ya baba kwa karamu. Mbawala wawili, au watatu wakipatikana. Baba alifurahi sana. Aliniambia nijaze kartushi kumi.

Njiti za mizani zilikaa ndani ya chupa ndogo ya dawa. Baba alizichagua zamani, moja moja, nyembamba na zenye vichwa vidogo, na zilikuwa zimebadilika rangi kwa kushikwashikwa. Asubuhi ile niliikuta chupa tupu. Mvua ilikuwa imelowesha kibiriti cha jikoni, na mama, ambaye kwake njiti iliyo kavu ni njiti iliyo kavu, alikuwa amewasha makaa kwa zile za mizani, moja baada ya nyingine, mpaka moto ukakubali. Sikumwambia baba. Nilijua atapiga kelele kutwa nzima, na mama atajibu. Nilinunua kibiriti kipya kwenye kibanda cha barabarani, nikahesabu njiti kwa idadi ileile, nikazitia kwenye chupa.

Njiti ni njiti, nilijiambia. Mimi, niliyekuwa nikirudia kundi zima kwa ajili ya matundu mawili.

Na hatukujaribu. Shimo la matofali lilijaa maji, kartoni zililowa, na siku ya arusi ilikuwa inakaribia. Baba aliuliza, "Uko na hakika?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena.

Siku ya kwanza alirudi adhuhuri, mikono mitupu. Alikuwa amempiga mbawala dume pembeni ya shamba la mihogo, akakimbia na kisu mkononi, akamkuta amekufa. Hakumgusa. Angeweza kukata koo la mnyama yule akampakia kwenye pikipiki, na Kasongo nzima ingekula na kumshukuru. Alikwenda kwa jirani yetu Mkristo, akamwambia kuna mnyama mahali fulani, amchukue kabla mbwa hawajamwona. Kisha akaoga, akaswali, akanywa chai.

Siku ya pili ikawa vilevile. Bega lake la kulia lilivimba, akalihesabu hilo nalo kwenye uzee. Mama alilikanda.

Siku ya tatu alichelewa kurudi. Aliingia, akaifuta bunduki, akaipaka mafuta, akaizungushia kitenge cha mama cha zamani na kuiweka juu ya kabati. Alituma mtu wa pikipiki kwenda Kasongo na ujumbe huu, ambao niliuandika mimi: mwenye arusi atafute mbuzi, nyama ya Wamaza imekufa kibudu mara tatu, na aliyewinda amekwisha kuzeeka.

"Miguu yangu imekwisha," alituambia. "Nimeona mwenyewe."

Watu walimsifu. Mwenye duka alichinja mbuzi, na nasikia kwenye karamu waliitaja zaidi nyama isiyoletwa kuliko iliyoliwa. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti, hakuficha. Baba akaanza maisha ya wazee. Alipepeta mchele kwa lungo pamoja na wanawake. Alikaa kibarazani akiitikia salamu. Alijikatia fimbo, mwanzoni kwa kufukuza mbuzi, baadaye kwa kutembelea. Watu waliomwita kwa jina la ukoo wake wakaanza kumwita muzee, naye akaitika.

Wiki tatu hivi baada ya kuacha, alipita mchimbaji mmoja kutoka machimboni akitaka kupima dhahabu yake kabla ya kuipeleka kwa wanunuzi, ili asidanganywe. Baba alikuwa msikitini. Nilimpimia mimi. Nilipomwambia matokeo, alikunja uso.

"Dada, hizi njiti zako ziko nzito. Ziko zinakula zahabu yangu."

Nilimwambia asinitukane nyumbani kwetu. Hakubishana. Alitoa njiti zake kwenye mfuko wa shati, zimefungwa kwa uzi, akaweka tano upande mmoja, tano zangu upande wa pili. Kisahani changu kikashuka hadi mezani, kikagonga.

Aliondoka, nami bado nimekaa. Nilikuwa nimemwomba aniachie njiti zake, na kwa huruma aliniachia. Kartushi saba zilikuwa zimebaki kwenye kopo. Nilifunga mlango, nikafungua moja, nikapima baruti yake. Nikafungua ya pili. Zote zilifanana kabisa, na zote zilikuwa zimezidi. Kazi ilikuwa nzuri mno, ilikuwa nzuri kwa kipimo kisicho chake. Wale mbawala watatu hawakufa kwa sababu baba alichelewa. Walikufa kwa sababu yangu, pengine kabla hajainuka alipokuwa amepiga goti.

Sikusema.

Nilijipa sababu. Sasa mama alikuwa analala usiku mzima. Hakuna aliyekanda magoti ya mtu. Kama ningesema, baba angeshusha bunduki siku hiyohiyo, na siku angeanguka porini ningekuwa nimemuua mimi. Nilizipanga sababu hizi vizuri kama nilivyopanga kartushi, na zilikuwa za kweli. Lakini iliyonifunga mdomo hasa ilikuwa nyingine. Niliona aibu kwamba kitu kimoja nilichokiweza duniani, baada ya kushindwa ndoa, nilikuwa nimekiharibu kwa uvivu wa asubuhi moja.

Mvua zikaisha. Mpunga ukavunwa, ukapurwa, ukahifadhiwa. Ilikuwa imepita miezi mitano.

Kisha wakaja wageni, wazee wawili wa Kasongo, kumsalimu baba. Walimwuliza kama kweli ameacha. Alisema kweli. Mmoja akasema pengine kartushi ndizo zilikuwa mbaya, siku hizi baruti si ya kuaminika. Baba akakasirika kwa mara ya kwanza tangu aweke bunduki.

"Kartushi zangu, mutoto wangu njo alipima," alisema, akininyooshea fimbo niliposimama na sinia ya chai. "Mikono yake haikosei. Kama kuna mutu alikosa, ni mimi."

Niliweka sinia chini. Nilisubiri wageni waondoke, kisha nikamwambia yote: chupa, kibiriti kipya, mchimbaji, njiti tano kwa tano. Nilisema harakaharaka nikitazama mkeka.

Aliilaza fimbo mkekani.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mvua, baba."

"Na ulikuwa unaniona nakaa hapa na lungo."

"Ndiyo, baba."

"Sikukuwa muzee," alisema. "Weye njo ulinifanya muzee."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Mama alikuwa mlangoni, na nilimwona akishika fremu ya mlango. Alijua kilichokuwa kinakuja. Siku tatu baba hakuniita kwa jina wala kwa chochote. Siku ya nne aliita, "Mama," kama alivyoniita tangu utoto, akaniambia nilete mizani.

Tulipima kwa njiti za mchimbaji, ambazo zilikuwa jamaa ya zile za kwanza, nyembamba vilevile. Shimo la matofali lilikuwa limekauka. Nilichora maduara. Alihesabu hatua, akaketi kwenye kigogo, akafyatua tatu. Nilikwenda kuhesabu. Kartoni zote tatu zilikuwa na idadi moja ndani ya duara, jambo ambalo daftari langu halikuwa limeliona hata mara moja. Nilipiga ukelele kama mtoto. Baba alikuja mwenyewe, akapitisha vidole juu ya matundu, kwa kuwa hakuweza kuyaona, akacheka. Alitupa fimbo kwenye majani. Jioni ile alikula sahani mbili, akamtania mama kwamba atamletea ini.

Alfajiri aliondoka. Nilimsindikiza hadi mwisho wa mihogo. Alitembea vizuri, nilimtazama kwa makini, alitembea vizuri.

Mlio mmoja ulisikika jua lilipoanza kuwa kali. Mama na mimi hatukutazamana. Ilipita saa nzima kabla hajatokea kwenye njia, polepole, bunduki begani, kisu bado kwenye ala yake. Alikuwa na udongo kwenye magoti ya suruali na kwenye mikono yote miwili. Aliketi kibarazani, akavua viatu.

Alieleza bila kuulizwa, kama mtu anayetoa ripoti. Mbawala jike, hatua zilezile za kartoni. Marisasi yalimwingia begani yote pamoja, alianguka palepale, hakupiga hata teke. Alikuwa hai. Baba alimsikia akipumua. Alianza kukimbia, na katikati goti likakataa, akaanguka. Akainuka, likakataa tena. Akaenda kwa kutambaa akiita Bismillahi. Alimsikia anavyopumua, kisha akasikia ameacha.

"Nilifika bado ana joto," alisema.

Mama aliingia ndani. Nilibaki mimi na yeye. Nilitaka kusema ni miezi ile, ni kukaa kule kibarazani na lungo, ndiko kulikomaliza magoti, na kukaa kule nilikusababisha mimi kwa mdomo wangu uliofungwa. Yeye aliwahi. Alinigusa mkono, uso wake ukiwa mpole kabisa, kama wa mtu anayemwondolea mwenzake mzigo.

"Usilie, mama. Leo kipimo chako kilikuwa sawa. Leo njo miguu."

Akaomba maji ya kutawadha. Nilileta birika, nikamimina, akanawa mikono, akanawa uso, akapangusa kichwa. Alipofika miguuni hakuweza kuinama, akainyoosha mbele yangu. Nikaiosha mimi, wa kulia kwanza.